Magimbi na viazi vitamu, kipi kina lishe zaidi? Nyumbani kwetu Uru imeshakuwa kesi

1. MjukuuWaUru
Wakuu, habari za jioni.

Nimekuja na kesi ya familia. Mzee wangu ana miaka 71, na huu ni mwaka wa sita tangu aambiwe ana sukari. Anaishi Uru, huku Moshi, na mama. Dada yangu yuko Arusha, na kila akija kutusalimia anapitia Tengeru siku ya soko, anashuka na kiroba cha viazi vitamu. Anasema amesoma kwamba vinawafaa wenye sukari. Mama hataki hata kuviona. Hoja yake ni moja tu: kitu kinachoitwa kitamu hakiwezi kumfaa mtu mwenye sukari, na pembeni ya mfongo, ule mfereji wa maji, kuna magimbi ambayo hatukuyanunua kwa mtu. Nesi mmoja wa kliniki naye kamuunga mkono mama.

Jumapili hii zimewekwa mezani sufuria mbili, mzee kaketi katikati. Akipeleka mkono huku, dada ananuna. Akipeleka kule, mama anaguna. Mwishowe kala maparachichi.

Mimi msimamo wangu ni kwamba magimbi yanaviacha viazi vitamu mbali kwa kila kitu. Mwenye data aje anipinge.

2. ChaliiWaSakina
Nimekaa siti ya mbele na chai yangu. Ila uzi wa chakula bila picha ni uchochezi. Weka picha ya zile sufuria mbili.

3. MamaPendo_Kiboriloni
Mama yako yuko sahihi kabisa. Mimi nikila magimbi mawili saa moja asubuhi nauza nguo mpaka saa nane sijasikia njaa. Nikila viazi vitamu, saa nne nimeshaanza kutafuta maandazi. Sihitaji jedwali, tumbo langu ndilo jedwali.

4. AfisaSahani
Mleta mada, hilo neno "kwa kila kitu" ndilo litakaloangusha kesi yako.

Nachukua namba za Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa gramu 100 za chakula kilichokwisha kupikwa. Magimbi: kalori 142, wanga gramu 34.6, nyuzinyuzi gramu 5.1, protini nusu gramu, potasiamu miligramu 484, vitamini C miligramu 5. Viazi vitamu vilivyochemshwa bila ganda: kalori 76, wanga gramu 17.7, nyuzinyuzi gramu 2.5, protini gramu 1.4, potasiamu miligramu 230, vitamini C miligramu 12.8.

Vitamini A ndiyo aibu. Viazi vya rangi ya chungwa vina mikrogramu 787, magimbi hayana hata kumi.

Kwa hiyo magimbi yanashinda nyuzinyuzi na potasiamu, viazi vinashinda vitamini A na C. Kwenye protini wote ni maskini, asitokee mtu hapa kujivunia. Na kwa mzee mwenye sukari, angalia hapo kwenye wanga: gramu 34.6 dhidi ya 17.7. Ni karibu mara mbili, tena upande wa mama.

5. ChaliiWaSakina
Arifu, gimbi la Uru linapimwaje Marekani? Limeenda na pasi gani?

6. AfisaSahani
@ChaliiWaSakina lipo jedwali la vyakula vya Tanzania la mwaka 2008, lilitengenezwa na watu wa Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Lakini nalo liliazima namba nyingi kutoka majedwali ya nje. Kupima kila kiazi cha kila udongo ni gharama, mdogo wangu. Gimbi la Uru likitofautiana na hilo la Marekani halitageuka kuwa nyama.

7. MzaniWaMbuyuni
Afisa, namba ni zako lakini umewasomea watu nusu. Hizo gramu 100 za kiazi kilichochemshwa, gramu 80 ni maji. Kwenye gimbi maji ni kama gramu 64. Ukivikausha vyote viwili ukapima unga, wanga wake unakaribiana sana, ni tofauti ya mtu na kaka yake. Unachokilinganisha hapo ni maji na maji.

Ndiyo maana Mama Pendo (#3) anashiba. Magimbi mawili ya nusu kilo yana chakula kikavu karibu mara mbili ya viazi vya nusu kilo. Hana muujiza tumboni, kala zaidi.

8. MamaPendo_Kiboriloni
Wewe Mzani ndiye umeniita mlafi mbele za watu?

9. MzaniWaMbuyuni
Nimesema umekula kikavu zaidi, mama yangu. Samahani.

10. ShambaKahe
Ngojeni kwanza. Mnabishana na namba za kiazi ambacho hakipo mezani kwa huyo mzee. Hizo mikrogramu 787 ni za kiazi chenye nyama ya rangi ya chungwa. Vile vya masoko ya Mbuyuni na Tengeru kwa kawaida ni vyekundu nje, ndani vyeupe au njano ya mbali. Kiazi cheupe hakina hiyo vitamini A ya kusimulia. Rangi ndiyo yenyewe, ni beta-karotini ileile ya karoti. Kata kiazi uangalie ndani, usidanganywe na ganda.

Mimi nimelima viazi lishe, ndivyo hivyo vya chungwa, huku Kahe misimu mitatu, aina za Kabode na Ejumula. Hii mbegu si mchezo: mwaka 2016 ile Tuzo ya Chakula Duniani walipewa watafiti watatu wa viazi hivi, Maria Andrade wa Cape Verde, Robert Mwanga wa Uganda na Jan Low wa Marekani, pamoja na Howarth Bouis wa upande wa kurutubisha mazao. Mtoto wa miaka miwili anahitaji kama mikrogramu 300 za vitamini A kwa siku. Gramu 40 za kiazi hicho zimemaliza kazi, ni kipande kidogo tu. Ila umpe na mafuta kidogo au parachichi, maana vitamini A bila mafuta mwilini haiingii vizuri.

Sasa tatizo langu: watoto wanavigombania, watu wazima hawavitaki. Kuna mama aliniambia pale Himo, "Mangi, hivi ni viazi au boga?" Vina maji, vinakuwa laini, havina ule ukavu wa kukaba kooni mpaka uombe chai. Gunia la viazi vyeupe linaisha saa tatu asubuhi, la kwangu narudi nalo.

11. MjukuuWaUru
@ShambaKahe nimempigia dada sasa hivi akate kimoja. Ndani ni cheupe kama chaki. Amenuna, kasema nimemwamsha kwa ajili ya kiazi.

12. Doto_Majengo
Mimi naogopa magimbi. Nasikia ni jamii ya mihogo, yana ile sumu ya sianidi, ndiyo maana yanawasha. Kuna mtu anajua?

13. BibiShamba_Marangu
@Doto_Majengo hapana mwanangu, umechanganya mambo mawili. Sianidi ni ya muhogo, hasa ule mchungu. Gimbi halina undugu na muhogo. Linalowasha ni vijisindano vidogo sana vya oksaleti ya kalisi, havionekani kwa macho, vinachoma koo na ngozi. Moto ukikolea hayawashi. Likikuwasha mdomoni ujue limeiva nje tu.

Na msiyaoshe kabla ya kumenya. Menya yakiwa makavu, mikono mikavu au uipake mafuta ya kula kwanza. Ukiloweka halafu ukamenya, ule utelezi unakupanda hadi kwenye kiwiko, utajikuna mpaka kesho. Mimi natumia kisu butu, nakwangua kuanzia kichwani kwenda chini, kile kichwa chenye machipukizi nakirudisha shambani. Halafu nasugua mikono kwa jivu kabla ya maji. Marehemu bibi, yeye aliyaita maduma, alikuwa anatukataza hata kuongea tukimenya, eti gimbi likisikia maneno linawasha. Nilikuja kugundua ukubwani alikuwa anatafuta utulivu tu.

14. ChaliiWaSakina
Bibi huyo alikuwa na akili kuliko sisi wote humu.

15. JiraniTaveta
Hamjambo majirani. Huku Kenya, ng'ambo ya Holili, magimbi tunayaita nduma, na ni chakula cha kiamsha kinywa na chai ya maziwa. Sioni mjadala uko wapi. Nduma kwanza, ngwaci (viazi vitamu) baadaye.

16. ShambaKahe
Karibu jirani. Viazi vyenyewe mnavinunua huku kwetu halafu mnakuja kuvipa jina.

17. Mwalimu_Msitaafu
Wadau, naomba kusahihisha mambo madogo. Kichwa cha habari kinasema lishe, sawa, ila watu wengi wanaviita vyote mizizi. Kiazi kitamu ndicho mzizi hasa, mzizi ulionenepa. Gimbi ni shina lililovimba chini ya udongo, ndiyo maana lina pete pete za makovu ya majani. Kiazi mviringo nacho ni shina. Na kiazi kitamu si ndugu wa kiazi mviringo. Mviringo ni ukoo wa nyanya na bilinganya, kitamu ni ukoo wa yale maua ya kutambaa yenye umbo la tarumbeta, ukitaka ushahidi tazama ua lake.

Tena humu kihambani, kwenye mashamba ya nyumbani, kuna magimbi ya aina mbili na watu wanayachanganya. Angalia jani. Kama kikonyo kimeshika kwa ndani, mbali kidogo na ule mkato wa jani, hilo ni gimbi la asili ya Asia. Kama kikonyo kimeshika palepale kwenye mkato, na jani limekaa kama ncha ya mshale, hilo asili yake ni Amerika, kama kilivyo kiazi kitamu chenyewe. Sasa mleta mada, sufuriani kwa mama kuna lipi?

18. MjukuuWaUru
Mwalimu shikamoo. Mimi nimezaliwa kwenye hayo magimbi na sijawahi kutazama kikonyo. Nitaangalia.

19. Mwalimu_Msitaafu
Marahaba. Uangalie kweli.

20. Kipimo_Kidoleni
Mimi ni mgonjwa wa sukari, mwaka wa tisa huu, kwa hiyo naongea kutoka jikoni. Wote mmeacha swali la msingi: hivyo viazi vinapikwaje?

Kuna watafiti wa Jamaica walipima aina kumi za viazi vitamu, matokeo yakatoka mwaka 2011. Walitazama kasi ya chakula kupandisha sukari, glukosi tupu ikiwa 100. Viazi vilivyochemshwa vilikaa kati ya 41 na 50. Vilivyokaangwa 63 hadi 77. Vilivyochomwa na kuokwa vilipanda kutoka 79 mpaka 94. Kiazi kilekile! Ukikichoma polepole, ule wanga unavunjwa na kuwa sukari kabla hata hujatia mdomoni. Ndiyo maana kiazi cha kwenye jivu ni kitamu kuliko cha sufuria, hata mtoto anajua.

Mleta mada, dada anachemsha au anachoma?

21. MjukuuWaUru
Dah. Anafukia kwenye jivu la moto jikoni kwa mama. Anasema vya kuchemsha vinapoteza vitamini. Ile Jumapili ndiyo mara ya kwanza kuviona kwenye sufuria, na ni kwa sababu kuni zilikuwa mbichi.

22. MamaPendo_Kiboriloni
Hahaha! Basi nesi alikuwa sahihi bila kujua sababu.

23. AfisaSahani
Tusikimbilie kumsafisha nesi. Alisema viache kwa sababu vina ladha ya sukari. Hiyo sababu haisimami. Wali hauna utamu ulimini, lakini sahani ya wali inapandisha sukari vizuri tu. Ulimi si kipimo.

Na Kipimo (#20) uko sawa kuhusu mapishi, lakini kasi si kila kitu. Kiasi kipo. Mzee akila gimbi moja kubwa la gramu 300, ameshakula wanga wa gramu mia moja na kitu. Hata liwe linapanda polepole, linapanda kwenda mbali.

24. KiporoKingi
Kuna jambo mmelisahau. Kwetu Machame magimbi yanachemshwa jioni, yanaliwa asubuhi yakiwa baridi. Wanga uliopoa sehemu yake inagoma kusagwa, inapita kama nyuzinyuzi. Mimi naamini ndiyo siri ya wazee wetu kutougua sukari.

25. MzaniWaMbuyuni
Wazee wetu walikuwa wanapanda na kushuka mlima na mkungu wa ndizi kichwani. Wewe unapandisha ngazi za benki. Usilipe sifa gimbi la baridi.

26. KiporoKingi
Yote mawili yanawezekana, Mzani.

27. Doto_Majengo
Mimi nitasema ambalo wengine wanaogopa. Viazi vitamu vina gesi. Siku moja nilivila asubuhi pale Kilombero, Arusha, nikapanda Coaster kuja Moshi, madirisha yamefungwa kwa vumbi. Kufika Boma Ng'ombe kondakta akauliza abiria wote kama kuna mtu kabeba kuku aliyekufa.

28. ChaliiWaSakina
Kumbe ni wewe. Nilikuwemo.

29. DadaWaFigo
Nimesoma kimya lakini hapa lazima niongee. Kaka yangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kabla hajafika huko, tulikuwa tunamlisha magimbi kila siku kwa sababu watu walitwambia yana lishe kuliko viazi. Hakuna aliyetuuliza figo zake zikoje. Siku tuliyokutana na mtu wa lishe akatuchorea: potasiamu ambayo AfisaSahani (#4) ameiweka kama ushindi wa magimbi, kwa mtu ambaye figo haziitoi ni hatari kwa moyo. Tukafundishwa kukata vipande vidogo, kuchemsha kwenye maji mengi na kumwaga yale maji, na hata hapo ni kwa kiasi.

Mtu mwenye sukari mwaka wa sita anatakiwa ajue figo zake zikoje kabla ya kupewa chakula chochote cha sifa. Mleta mada mpime mzee.

30. AfisaSahani
@DadaWaFigo pole sana dada, na asante. Uko sahihi, nililiandika kama ushindi bila kusema ni ushindi wa nani.

31. Doto_Majengo
Na zile oksaleti si ndizo mawe ya figo?

32. BibiShamba_Marangu
Mawe mengi ya figo ni ya hiyo oksaleti ya kalisi, ndiyo, na aliyewahi kupata mawe apunguze magimbi. Ukichemsha na kumwaga maji, sehemu yake inatoka. Ukila na maziwa, kalisi ya maziwa inaikamata humohumo tumboni, haifiki kwenye figo. Jirani wa Taveta (#15) na chai yake ya maziwa hajakosea. Viazi vitamu navyo vinayo, msivione watakatifu.

33. Meru_MajiYaChai
Tukiwa hapo hapo kwenye sufuria: wangapi wanatia magadi ili magimbi yalainike haraka? Huku kwetu upande wa Meru ni kawaida, kwenye makande, kwenye maharage, hata kwenye magimbi magumu. Acheni. Magadi yanakula vitamini C na B1. Halafu yana floridi. Maji yetu ya visima huku yameshazidi ile miligramu 1.5 kwa lita ya Shirika la Afya Duniani, angalia meno yetu. Hata upande wa Kilimanjaro kwenye maji mazuri kuna watoto walikutwa na meno ya kahawia kwa sababu ya magadi ya jikoni tu. Mnabishana kipi kina vitamini halafu mnavitia kijiko cha kuviua.

34. ChaliiWaSakina
Mimi meno yangu ya kahawia ndiyo kitambulisho changu. Nikifika Dar hakuna anayeniuliza natoka wapi.

35. MamaPendo_Kiboriloni
Sasa bila magadi, lile gimbi lisiloiva unalifanyaje? Juzi nimenunua fungu moja Mbuyuni, sufuria moja, moto mmoja. Matatu yameiva yakapasuka kama unga, moja limekaa kama sabuni ya kipande. Nikalichemsha saa mbili zaidi. Kisu kinaingia, lakini ndani linateleza, lina rangi ya maji ya mchele, halina ladha. Nini hicho?

36. ShambaKahe
Hilo limevunwa mvua zimeanza. Gimbi likikaa ardhini mvua ikalikuta, linaanza kusukuma majani mapya, linatumia wanga wake. Kinachobaki ni maji na kamba.

37. BibiShamba_Marangu
Au ni lile gimbi mama. Mnang'oa mashina yote mnauza pamoja. Watoto wa pembeni ndio watamu, mama ameshazaa, amechoka. Wauzaji wa sokoni wanachanganya makusudi.

38. Mwalimu_Msitaafu
Au ni aina ile nyingine niliyowaambia kwenye #17. Hamkuangalia kikonyo.

39. MzaniWaMbuyuni
Au sufuria ilijaa, hilo lilikuwa juu halikufikiwa na maji. Mama Pendo, lilikuwa juu au chini?

40. MamaPendo_Kiboriloni
Lilikuwa katikati. Na kama ni gimbi mama, basi nimemkuta mama wa ukoo mzima.

41. Sukuma_NdaniYaNjiro
Nimechelewa, nipo Njiro. Mnajadili viazi vitamu kama watu ambao hawajawahi kula michembe. Kwetu Usukumani tunavimenya, tunavikata, tunavianika, vinakaa mpaka njaa ya mwezi wa pili. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa hayo ni matobolwa. Gimbi lako la mfongoni likae ghalani miezi sita tuone. Chakula kisichofika msimu wa njaa kina lishe gani?

Na majani? Matembele yana lishe kuliko kiazi chenyewe. Mchuma matembele anakula mara mbili kwenye mmea mmoja.

42. JiraniTaveta
Hata majani ya nduma huliwa, huko visiwa vya Pasifiki na Karibi. Lakini lazima yapikwe sana.

43. BibiShamba_Marangu
Yale majani kwangu ni ya kufunikia ndizi. Sijafikia huko.

44. MjukuuWaUru
MREJESHO.

Wakuu, nimepanda Uru Ijumaa, nimekaa hadi Jumatatu. Nimenunua kipimo cha kidoleni. Nilimuomba mzee, akakubali kwa sharti kwamba kila nikimtoboa kidole nimuongezee stori ya mjini.

Jumamosi asubuhi kabla ya kula sukari ilikuwa 7.8 (milimoli kwa lita). Akala magimbi ya kuchemsha, tumepima gramu 200 kwenye mzani wa duka, na chai bila sukari. Baada ya saa mbili: 10.9.
Jumapili asubuhi 7.5. Viazi vitamu vya kuchemsha, gramu 200 zilezile. Baada ya saa mbili: 9.4.
Jumatatu asubuhi 7.9. Viazi vya dada, vya kwenye jivu, gramu 200. Baada ya saa mbili: 13.2.

Mama kaona 10.9 na 9.4 akasema kipimo kibovu. Dada kaona 13.2 akasema kipimo kibovu. Ndiyo mara ya kwanza mwaka huu wamekubaliana.

Kikonyo nimeangalia, Mwalimu. Pembeni ya mfongo kimeshika kwa ndani. Nyuma ya banda la ng'ombe kimeshika kwenye mkato. Mama anapika yote pamoja. Figo tunapima wiki ijayo, asante DadaWaFigo.

45. Kipimo_Kidoleni
Safi sana. Ndicho nilichosema kwenye #20.

46. MzaniWaMbuyuni
Polepole. Gramu 200 za gimbi na gramu 200 za kiazi si sawa, nimeshasema, maji! Ungepima kwa wanga ulio sawa. Gimbi gramu 100 dhidi ya kiazi gramu 200 hivi. Na vya jivu vimekauka, vimepoteza maji, kwa hiyo hapo nako kala zaidi. Rudia.

47. KiporoKingi
Magimbi yalikuwa ya moto au ya jana?

48. MjukuuWaUru
Ya moto.

49. KiporoKingi
Basi hujapima magimbi ya kwetu.

50. AfisaSahani
Siku tatu, mtu mmoja, kipimo kimoja. Ni mwanzo mzuri, lakini Jumatatu alilala vizuri? Alitembea? Alimeza dawa saa ileile?

51. MjukuuWaUru
@AfisaSahani hapo ndipo pana kazi. Leo mchana mzee kanipigia mwenyewe. Jumapili jioni, mama akiwa jumuiya, jirani alipita na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Anasema ni kidogo tu, "ya kuonja". Nimemuuliza kidogo ni kiasi gani, akakata simu.

52. ChaliiWaSakina
Kesi imeahirishwa. Shahidi mkuu alikuwa amelewa.

53. ShambaKahe
Mjukuu, ukirudia nipigie, nitakupa Kabode kilo mbili bure, za kuchemsha. Na marando, yale mashina ya viazi ya kupanda, yapo kwa anayeyataka, mvua zikitulia. Nina kazi ya kuyapunguza shambani, ng'ombe wa jirani ameanza kuyapunguza kwa niaba yangu.

54. MamaPendo_Kiboriloni
Mimi nataka marando. Ya vyeupe unayo?